Afya ya Jamaa: Maji ya Kunywa Mlimani



Likizo inapokaribia, barua zenu hubadilika. Akina mama waliokuwa wakituuliza habari za chanjo na chakula cha mtoto huanza kutuuliza habari za safari. Shule zinapeleka watoto mlimani, na vijana wa makanisa nao wanapanga kambi. Swali moja limerudiwa mara nyingi hata tumeona tulijibu hapa: “Kijana wangu anakwenda kupanda Kilimanjaro. Nasikia kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto sawasawa. Je, maji hayo yanafaa kunywewa?”

Swali ni zuri, na jibu lake si gumu. Lakini kuchemsha ni sehemu tu ya kazi.

Maji yatatoka wapi?

Anayepanda mlima anahitaji lita 3 hadi 4 za maji kila siku, kwa kuwa hewa ya juu ni kavu na pumzi nyingi humpotezea maji mwilini. Lita moja ni kilo moja. Hakuna mtoto atakayebeba maji ya siku tano mgongoni. Tena, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika Hifadhi ya Kilimanjaro. Wenzetu wa Kenya nao walizipiga marufuku katika hifadhi zao tangu Juni 5, 2020. Kwa hiyo maji yatatekwa huko huko.

Kwa njia ya Marangu, kituo cha kwanza ni Mandara, mita 2,720, na cha pili ni Horombo, mita 3,720. Huko maji hupatikana. Kibo, kwenye mita 4,720, hakuna maji, na yote hubebwa kutoka chini. Kiongozi wa kikundi ayajue haya kabla ya kuondoka.

Maangavu si lazima yawe safi

Maji ya kijito cha mlimani ni baridi na maangavu, nayo humvutia mwenye kiu. Lakini wanyama hunywa humo, na watu wengi hupita kando yake kila mwaka. Vijidudu vya kuhara, vya amiba, vya giardia na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho wala havibadilishi ladha ya maji. Ubaridi nao hauviui vyote. Giardia huweza kukaa majuma kadhaa katika maji baridi. Kuharisha nyumbani ni taabu. Kuharisha mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, mwili ukiwa tayari umepungukiwa maji, ni hatari.

Kuchemsha

Ni kweli kwamba maji huchemka mapema kadiri tunavyopanda. Moshi mjini huchemka karibu na nyuzi 97. Horombo huchemka kwenye nyuzi 87 au 88, na Kibo karibu na nyuzi 84. Ndiyo maana maharage huko juu hukaidi jikoni siku nzima.

Lakini vijidudu si maharage. Maziwa ya kiwandani hupashwa moto wa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, bila kuchemka, na vijidudu vya maradhi hufa. Basi nyuzi 87 ni moto wa kutosha, mradi tuupe muda. Kanuni ni hii: nyumbani, subiri maji yatokote kwa mapovu makubwa dakika moja, ukiwa juu ya mita 2,000, yaache yatokote dakika tatu kamili. Usihesabu tangu mvuke unapoonekana, hesabu tangu mapovu yanapopinduka sufuria nzima. Kisha funika, yapoe humo humo. Maji yaliyochemshwa yakamiminwa kwenye dumu chafu yamepoteza kazi yote.

Shida ya kuchemsha ni moto. Kuni haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo gesi au mafuta hubebwa. Watoto 20 wakinywa lita 3 kila mmoja, hizo ni lita 60 kwa siku, mbali na za kupikia. Kikundi kisichopiga hesabu hii mapema kitaishiwa gesi siku ya tatu, na mtu ataanza kusema, “Haya tunywe tu hivi hivi.” Hapo ndipo dawa ya maji inapohitajika.

Dawa ya klorini

Vidonge vya klorini ni vyepesi na bei yake si kubwa. Yafaa kukumbuka mambo manne.

La kwanza, soma pakiti. Vidonge vingine ni vya lita moja, vingine ni vya ndoo ya lita 20. Mtoto akitumbukiza kidonge cha ndoo katika chupa yake, maji hayo hayafai kunywewa.

La pili, subiri nusu saa. Maji yakiwa baridi sana, kama yalivyo ya mlimani, subiri saa nzima, kwa sababu dawa hufanya kazi polepole kwenye baridi.

La tatu, dawa haifanyi kazi vizuri katika maji ya tope. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa.

La nne, watoto huchukia harufu ya dawa na huacha kunywa. Waweza kuwapa ndimu au unga wa juisi, lakini watie baada ya muda wa kusubiri kwisha. Wakitia mapema, juisi huimaliza nguvu dawa kabla haijaua kitu.

Tujue pia kwamba kipo kijidudu kiitwacho kriptosporidia ambacho klorini haikiui kwa urahisi. Kuchemsha hukiua. Kwa sababu hiyo, moto ukiwepo tuchague moto, na dawa iwe msaada. Dawa ya maji yenye iodini wasitumie wajawazito wala wenye ugonjwa wa tezi la shingo.

Chujio

Siku hizi yako machujio madogo ya kubeba mkononi. Mazuri huzuia bakteria, amiba na giardia, lakini mengi yao hayazuii virusi, kwa hiyo tia klorini baada ya kuchuja. Tena maji yakiganda ndani ya chujio la nyuzi, nyuzi hupasuka bila kuonekana, nalo halifai tena. Usiku wa mlimani, mwenye chujio alale nalo ndani ya begi la kulalia.

Jambo ambalo moto haulitatui

Wanaopanda Mlima Meru, au wanaokaa kambini upande wa Arusha, wajue kwamba maji ya sehemu nyingi huko yana madini mengi ya floraidi. Ndiyo hayo yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuyaondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Klorini pia haiyagusi. Safari ya siku chache haitamdhuru mtoto, lakini aishiye huko tumtafutie maji ya chanzo kilichopimwa, hasa kabla meno yake ya ukubwani hayajaota.

Mikono na choo

Maji safi katika mikono michafu ni bure. Mtie mwanao sabuni ndogo mfukoni. Mwagize atumie choo cha kituo. Asipokifikia, aende mbali na maji hatua 80 au zaidi, achimbe shimo la kina cha kiganja, afukie. Anayefuata kuteka maji hapo chini ni mtoto wa mama mwingine.

Wapagazi nao

Wengi wetu tuna waume, ndugu na wana wanaofanya kazi ya upagazi. Wao ndio wateka maji. Haifai sufuria ya maji yaliyochemshwa iwe ya wageni, na aliyeyabeba anywe ya kijitoni. Akina mama mnaokaa katika kamati za safari, hesabuni gesi na vidonge vya watu wote, pamoja na wabeba mizigo. Gharama ni ndogo, na mwili wa mpagazi ndio shamba la jamaa yake.

Akiharisha

Mtie mwanao pakiti tatu au nne za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Anywe kidogo kidogo kila aendapo choo. Akitoa damu, akiwa na homa kali au akishindwa kunywa, asingoje kesho. Ateremshwe siku hiyo hiyo.

Basi mama, kabla hujatia sahihi fomu ya safari, mwulize mwalimu maswali matatu. Nani atachemsha maji? Gesi ni ya siku ngapi? Vidonge viko wapi? Akijibu yote bila kusitasita, mfungie mwanao mzigo wake kwa amani.