Mkuki kwa Nguruwe Mtamu

Sisi wa huku Suam twajua maana ya mpaka. Mto ndio unaotutenga na ndugu zetu wa Uganda, na mwenye mzigo sharti apite kwa watu wa forodha. Wakisema bidhaa fulani hairuhusiwi, basi hairuhusiwi. Waweza kununa, lakini huwezi kuwapiga!

Sasa sikilizeni yaliyomfika Mchina. Katika karne ya 19 Waingereza walipenda mno chai ya Uchina, lakini Wachina hawakuzitamani sana bidhaa za Uingereza. Walitaka walipwe kwa madini ya fedha. Waingereza walipoona fedha yao inakwisha, walifanyaje? Walipeleka afyuni iliyolimwa India, ingawa sheria ya Uchina iliikataza. Watu wengi wakawa watumwa wa afyuni. Mwaka 1839 afisa mmoja, Lin Zexu, alinyang'anya masanduku zaidi ya 20,000 na kuiharibu afyuni yote. Uingereza ikaleta manowari! Vita vilipokwisha mwaka 1842, Uchina ilitozwa fidia, ikafunguliwa bandari tano kwa nguvu na kupokonywa Hong Kong, ambayo ilirudishiwa mwaka 1997. Vita vya pili vikaja, 1856 hadi 1860, Ufaransa nayo ikaingia, na afyuni ikahalalishwa. Yote haya eti kwa jina la biashara huria!

Mwezi wa Juni 2014, Uingereza hiyo hiyo iliipiga marufuku miraa yetu. Wakulima wa Meru walilia, wabunge wakalalamika. Je, Kenya ilipeleka manowari London? Thubutu! Ama kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Najua wako watakaosema miraa si afyuni. Ni kweli, tena hapa nchini ni zao halali. Lakini mimi nazungumzia haki ya mwenye nyumba kufunga mlango wake. Uingereza ilikuwa na haki hiyo mwaka 2014. Mbona basi Uchina ilinyimwa mwaka 1839?

Haki hiyo nasi tunayo. Anayepitisha bangi kwa njia za panya na kuwauzia wanafunzi hujitetea kwamba biashara ni biashara. Hayo ndiyo maneno ya wale wenye manowari! Neno kasumba lina maana ya afyuni pia, na kasumba mbaya kuliko zote ni kuamini kwamba anayeuza ana haki kumshinda anayekataa kuuziwa. Jamani, tuikatae!