Dawa ya Kichina ya kinywa au karafuu ya Pemba: ipi ivuke Kobero?

Mfanyabiashara mdogo wa Muyinga anayefikiria kuingiza vidonge vya asili vya Kichina vya kuondoa harufu mbaya ya kinywa afanye hesabu kabla hajafika mpakani Kobero. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa humwondolea mchuuzi ushuru wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Vidonge vilivyotoka China, hata vikinunuliwa Kariakoo, havihusiki. Tena vikiitwa dawa vinahitaji kibali cha mamlaka ya dawa. Bila kibali, mtaji wote unaweza kubaki forodhani.

Na mteja je, anapata nini? Waganga wa Kichina huihusisha harufu hiyo na joto la tumbo, na mojawapo ya dawa zao, Qing Wei San, hulenga kulipoza. Madaktari wa meno wanasema chanzo mara nyingi kimo humo humo kinywani: utando wa ulimi, fizi zinazovuja damu, meno yaliyooza. Hapo mswaki hushinda kidonge.

Cha kuchekesha, maofisa wa China enzi za Han waliweka karafuu mdomoni kabla ya kusema na mfalme. Zao hilo leo linalimwa Pemba, ndani ya Jumuiya. Haliponyi fizi, ila hufunika harufu, na likinunuliwa kihalali mchuuzi anaweza kulipima kwa kijiko sokoni Muyinga bila kuliita dawa.