Njia za nyumbu milima ya Alps zazua mvutano wa baiskeli

Na Mwandishi Wetu

NJIA za kale zilizojengwa kwa ajili ya nyumbu wa mizigo katika milima ya Alps, barani Ulaya, zimegeuka chanzo cha mvutano kati ya waendesha baiskeli, watembea kwa miguu na wenye ardhi.

Nyumbu wanaozungumziwa si wale wa Serengeti, bali ni mzao wa punda dume na farasi jike. Kabla ya reli na barabara za magari, wanyama hao ndio waliovusha chumvi, divai na nafaka kutoka bonde moja hadi jingine.

Kwa kuwa mnyama mwenye mzigo hawezi kuhimili mwinuko mkali kwa muda mrefu, wajenzi waliipandisha njia polepole, kwa kona nyingi, na kuitegemeza kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mwaka 2018, UNESCO iliuingiza ufundi huo wa kuta katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la nchi nane zikiwamo Italia, Ufaransa na Uswisi.

Mwinuko huohuo wa wastani ndio unaowavutia waendesha baiskeli za milimani, na ujio wa baiskeli za umeme umewafikisha huko hata wasio na nguvu nyingi. Hata hivyo, gurudumu linapozuiwa kwa breki huburuta udongo na kuacha mfereji. Mvua ikinyesha, maji huufuata mfereji huo na kung'oa mawe. Ni kweli kwamba miguu ya watembeaji nayo huchimba, lakini kwa vyovyote vile lazima awepo wa kurekebisha.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na wanavijiji, kwa sababu riziki yao ilipita hapo. Leo vijiji vingi vya milimani vimehamwa. Watumiaji wapo, walezi hawapo.

Sheria nazo hazifanani. Nchini Austria, Sheria ya Misitu ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kutembea msituni kujiburudisha, lakini mwendesha baiskeli lazima apate ridhaa ya mwenye ardhi. Jimbo la Tirol limepunguza makali hayo kwa kuingia mikataba na wamiliki na kugharimia bima, ili mwenye msitu asibebeshwe lawama ajali inapotokea.

Nchini Italia, njia ya mahandaki 52 ya mlima Pasubio, iliyochimbwa na wanajeshi mwaka 1917 ili misafara ya nyumbu ikwepe mizinga ya Austria, imefungwa kwa baiskeli kutokana na hatari ya kuanguka magengeni.

Uswisi imechukua mkondo mwingine. Katika kura ya maoni ya Septemba 23, 2018, asilimia 73.6 ya wapigakura waliafiki njia za baiskeli ziingizwe katika Katiba. Sheria iliyofuata, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, inayataka majimbo kupanga mitandao ya njia hizo, zikiwamo za milimani.

Mifano hiyo inaonyesha kuwa katazo huweza kumlinda mtu pale penye genge, lakini halijengi upya ukuta ulioporomoka. Mamlaka zinazoruhusu baiskeli zitalazimika pia kutenga fedha na mafundi wa mawe. Vinginevyo, njia zilizodumu karne kadhaa chini ya kwato zitaishia kuwa makorongo.