Mkono Unaotetemeka si Ushahidi wa Ulevi

Muhammad Ali alifariki dunia tarehe 3 Juni, 2016, akiwa na umri wa miaka 74. Katika makambi ya jeshi na ya polisi, ambako mchezo wa ngumi unapendwa mno, hukumbukwa zaidi kwa pambano la tarehe 30 Oktoba, 1974, alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa katika raundi ya nane, wakati huku Afrika Mashariki kukipambazuka. Leo yafaa tumkumbuke kwa jambo jingine: alikuwa baba wa watoto tisa, aliyeishi miaka 32 na maradhi yasiyo na tiba, na jamaa zake hawakumwonea haya.

Maradhi hayo ni ya Parkinson, yaliyopewa jina la daktari Mwingereza aliyeyaeleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo zimo chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda kwa utaratibu. Chembe hizo zinapokufa kidogo kidogo, mkono hutetemeka, hatua hufupika, viungo hukakamaa, sauti hufifia, na uso huwa mkavu. Maradhi haya hayaambukizi. Mgonjwa aweza kuwa na akili timamu kabisa, ila mwili wake hautii amri.

Ali aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1984. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa na desturi ya kurekodi katika kanda mazungumzo yake ya simu na watoto wake. Sauti iliyokuwa ikivuma duniani kote ilipofifia, watoto walibakiwa na kanda hizo za baba yao akiwatania na kuwausia. Mkewe Lonnie, aliyemwoa mwaka 1986, alimtunza mpaka mwisho. Naye Ali hakujificha. Tarehe 19 Julai, 1996, aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mkono wake wa kushoto ukitetemeka mbele ya macho ya ulimwengu mzima.

Sasa tutoke Atlanta tuje Molo, wilayani Tororo, ambako mgonjwa wa namna hiyo hana jina kubwa la kumkinga. Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, hivyo mzee wa Molo aweza kuvuka pale Malaba au Busia kwenda kuzika au kuoza upande wa Kenya. Njiani hukutana na askari. Askari huona mtu anayepepesuka, anayeburuta maneno, anayechelewa kujibu, na ambaye sahihi yake haifanani na ile iliyo katika kitambulisho. Ni rahisi kukata shauri kwamba huyu ni mlevi, au kwamba ana jambo analolificha.

Hata nyumbani hana hakika ya kueleweka. Katika Buganda, kutetemeka kumehusishwa tangu zamani na obuko, yaani adhabu ya kuvunja mwiko wa heshima kati ya mtu na mkwewe. Ndiyo sababu chama cha wagonjwa na jamaa zao nchini Uganda kilijiita Parkinson's Si Buko. Jina lenyewe ni hoja: mgonjwa hakumkosea mkwe wala hakulogwa. Baba wa watu asilazimishwe kubeba maradhi na aibu kwa pamoja.

Hatusemi kwamba mlevi aachiliwe. Dereva aliyelewa ni hatari, na sheria imfikie. Lakini ulevi una harufu na vipimo vyake. Kutetemeka peke yake si ushahidi. Askari aliyefunzwa vema huuliza kabla ya kuamua: "Mzee, je, una maradhi? Unatumia dawa?" Kisha humpa nafasi ya kujibu, bila kumkemea wala kumharakisha.

Jambo la pili ni dawa. Dawa kuu ya maradhi haya, levodopa, haiponyi, lakini humwezesha mgonjwa kutembea na kusema. Nayo hutaka kumezwa kwa saa zake. Mwaka 1990 Ali alikwenda Baghdad kuwaombea mateka, na baadaye akarudi na Wamarekani 15. Akiwa huko aliishiwa na dawa, akashindwa kuondoka kitandani hadi hospitali moja mjini humo ilipompatia nyingine. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyomfika bingwa wa dunia, atakuwaje mzee aliyenyang'anywa vidonge vyake mlangoni mwa mahabusu na kuachwa humo hadi asubuhi? Vidonge viandikwe katika daftari, lakini apewe kwa wakati.

Jambo la tatu linatuhusu wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na maradhi haya, na wengi wao ni wenye umri mkubwa. Hapana shaka miongoni mwao wamo wastaafu waliovaa sare kama hizi zetu. Mstaafu aliyeacha kuja kambini huenda anaona haya kumwaga chai mbele ya wenzake. Basi tumwendee nyumbani kwake, tumsubiri amalize sentensi yake, na wanawe waone kwamba baba yao angali ana heshima kwa watu aliotumika nao.