Nakala Yako Iko Wapi Radi Ikipiga?

Nimenyamaza wiki mbili na sababu ni radi. Wale wa kutoka huku kwetu Kisii mnaujua msimu wenyewe: asubuhi jua kali, saa tisa mawingu yamekaa juu ya milima, saa kumi ngurumo. Hapa Kiogoro ilipiga karibu na nguzo ya stima Jumatano moja jioni, na laptopu yangu iliyokuwa kwenye chaja ikaanza kunuka moshi. Diski ya nje ambayo huwa naweka nakala za blogu hii nayo ilikuwa imechomekwa. Zikafa pamoja. Mama alichungulia mlangoni akasema, "Si nilikuambia uchomoe?" Akaenda zake.

Safari hii sikupoteza hata sentensi moja. Sikuzaliwa na busara hiyo lakini, niliinunua kwa bei ghali.

Nikiwa chuo, mwaka 2018, nilianza kuandika hadithi za nyanya yangu. Nilikuwa nikija nyumbani likizoni namkalisha jikoni, anasimulia kwa Ekegusii, mimi naandika kwa Kiswahili na kuacha maneno ya kwetu pale yasipotafsirika. Zilifika makala 29. Tovuti ilikuwa kwenye seva ya kampuni moja ndogo, bei ya mwanafunzi. Nilikuwa na programu ya kutengeneza nakala kila Jumapili usiku, nikajiona mtaalamu. Nyanya akafariki mwaka 2020. Mwaka uliofuata seva ile ikaharibika, na ndipo nikagundua nakala zangu zote za kila Jumapili zilikuwa zinawekwa kwenye folda ndani ya seva ileile. Ni kama kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Kampuni nayo ikaniambia kwa upole kwamba nakala zao zilikuwa kwenye mashine hiyo hiyo.

Nilikuwa na digrii ya sayansi ya kompyuta wakati huo, jamani.

Kilichoniokoa kidogo ni Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo ilikuwa imechukua kurasa 9. Halafu shangazi yangu aliyeko Minnesota akakumbuka kwamba alikuwa amejiandikisha kupata makala kwa barua pepe, na yeye hafuti barua pepe yoyote, hata matangazo. Humo zikapatikana 14 nyingine. Kwa hiyo nakala bora kabisa ya kazi yangu ilikuwa sanduku la barua la shangazi, ng'ambo ya bahari, na mimi sikujua. Makala 6 hazikurudi. Mojawapo ni ile ya nyanya alivyokwenda Kericho akiwa msichana kuchuma chai. Nakumbuka kwamba aliisimulia, lakini maneno yake siyakumbuki, na wa kumuuliza hayupo.

Msidhani ni ujinga wa wanafunzi na kampuni ndogo tu. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo moja liliteketea lote, tovuti zaidi ya milioni 3 zikazimika. Wako wateja waliokuwa wamelipia huduma ya nakala, kumbe nakala zimewekwa palepale, zikaungua na asili yake. Tukirudi nyuma kidogo, Januari 2017, fundi wa GitLab alifuta hifadhidata ya seva isiyo yenyewe, usiku, akiwa amechoka. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala. Walipozijaribu waliona kwamba hazifanyi kazi sawasawa au hazikuwahi hata kuwekwa vizuri. Waliponea nakala ya saa sita kabla, ambayo mtu aliichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliandika yote hadharani.

Sasa hoja yangu. Sisi tunaopenda teknolojia tukizungumzia usalama wa blogu tunakimbilia wadukuzi. Neno la siri refu, programu ya ulinzi, ukuta huu na ule. Sipingi. Lakini mdukuzi akiingia na wewe una nakala nzuri, umepoteza Jumamosi moja. Huna nakala, umepoteza nyanya. Kwa hiyo anza na nakala, na usiiite nakala mpaka uwe umeirudisha mahali pengine ikafunguka.

Hilo la kuirudisha ndilo watu hawafanyi. Mara ya kwanza nilipojaribu, kila kitu kilirudi vizuri isipokuwa kila "ng'ombe" alikuwa amegeuka "ngâ€™ombe". Kiswahili na Ekegusii zimejaa hiyo alama, kwa hiyo blogu nzima ilionekana kama imeandikwa na mlevi. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa herufi wa hifadhidata, nikalirekebisha kwa utulivu kwa sababu tovuti asili ilikuwa bado hai. Hebu fikiria kuligundua siku ya msiba. Jingine: wale wa WordPress, lile faili la XML mnalopakua lina maneno tu. Picha hazimo, mna anwani zake. Folda ya picha lazima mchukue pembeni.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali. Yangu iko hivi. Kila Jumapili programu fupi niliyoandika inavuta hifadhidata na picha mpya tu, maana bando ni pesa. Nakala moja inabaki kwenye laptopu, moja mtandaoni kwenye akaunti yenye neno la siri tofauti, na mara moja kwa mwezi flashi inaingia kwenye sanduku la bati la mama. Diski iliyoungua ilikuwa ya nne, ya uvivu. Blogu yote haifiki GB 1, kwa hiyo msiniambie habari ya gharama.

Kuhusu wadukuzi nitasema kidogo. Januari 2012 mtu mmoja wa Indonesia aliharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mpigo, kwa hiyo msifikiri wanaotafuta nyufa wanachagua. Roboti zao zinagonga kila mlango. Sasisha programu mara moja, futa usizotumia, na achana na themu za kulipia zinazogawiwa bure vichochoroni. Linda barua pepe kuliko blogu yenyewe, kwa sababu ndiko linakotumwa neno jipya la siri. Hata programu za nakala zina nyufa: Februari 2022 UpdraftPlus, inayotumika kwenye tovuti zaidi ya milioni 3, ilikutwa na kosa lililomruhusu mtu yeyote mwenye akaunti kwenye tovuti kupakua nakala zako.

Na wewe unayesema uko Blogger kwa hiyo Google atakutunzia, kumbuka Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, na tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti isiyoguswa miaka miwili. Marehemu hawaingii kwenye akaunti zao. Mwachie mtu ufunguo. Mimi nimemwachia shangazi, maana rekodi yake mnaijua.

Laptopu ninayoandikia ni ya binamu. Jana nimerudisha humu nakala ya mwezi huu, zote 23 za nyanya zimefunguka pamoja na picha, isipokuwa moja ya jiko lake ambayo inaonyesha mraba mtupu. Nitaitafuta kwenye flashi kesho. Saa hizi ngurumo imeanza, nachomoa.