Kinamasi Si Ardhi ya Bure

Ipo dhana iliyokita mizizi katika ofisi nyingi za mipango kwamba kinamasi ni ardhi ya bure inayongoja mfereji na jembe. Yaliyoipata Indonesia yatosha kuivunja dhana hiyo.

Mwaka 1996 Serikali ya nchi hiyo ilianza kazi ya kugeuza takriban hekta milioni moja za vinamasi vya Kalimantan ya Kati ziwe mashamba ya mpunga. Misitu ilifyekwa, na mifereji ya zaidi ya kilomita 4,000 ikachimbwa. Mpunga haukustawi. Mwaka 1997 moto uliiteketeza ardhi iliyokaushwa, na mwaka 1999 mradi ukafutwa. Mifereji ilibaki, ikaendelea kuikausha nchi.

Ardhi hiyo ni ya mboji, yaani mabaki ya miti na majani yaliyolundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa, kwa kuwa hewa haikuyafikia. Kwa asili mito yake ni myeusi kama chai ya rangi, na maji yake yana asidi. Lakini maji ya ardhini yakishuka, hewa huingia, mboji huoza, na kaboni iliyolala humo huchukuliwa na mito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kaboni inayopotea kwa njia hiyo katika vinamasi vilivyoharibiwa ilizidi ile ya vinamasi vizima kwa asilimia 50 hivi. Tena ilikuwa kaboni ya kale, ya karne nyingi. Vijidudu huila mtoni, humaliza oksijeni ya samaki, na kutoa hewa ya ukaa. Na pale ambapo chini ya mboji pana madini ya chuma na salfa, hewa ikiyafikia huzalisha asidi kali, nayo huyeyusha alumini inayoua samaki.

Somo hili si la Asia peke yake. Bonde la Kongo lina vinamasi vya mboji vikubwa kuliko vyote vya nchi za joto, na sehemu kubwa ingali nzima. Kwa hiyo afisa anayetia saini kibali cha mfereji hana budi kuuliza kwanza maji yatakwenda wapi na yatabeba nini. Mwalimu naye ana wajibu wa kuwaeleza vijana kwamba kinamasi kinafanya kazi hata kisipolimwa.

Mwaka 2016 Indonesia iliunda chombo maalumu cha kurudisha vinamasi vyake, na mojawapo ya kazi zake ikawa kuziba mifereji. Mboji iliyokwisha kuoza, hata hivyo, hairudi katika umri wa mtu. Majuto ni mjukuu.