Umeumia Jobo? Usikimbilie Wakili Kwanza
Mashine ikikukata kidole kiwandani, mabeshte watakushow utafute wakili chap chap. Tulia. Sheria ya WIBA ya 2007 inataka madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si kortini, na Mahakama ya Juu ilipigia hiyo muhuri Disemba 2019. Ripoti kwa mdosi, weka karatasi za daktari, usipitishe miezi 12. Ulemavu kamili wa kudumu ni mshahara wa miezi 96. Kidole kinahesabiwa kwa asilimia. Hiyo doo ni ya maisha yako, mbona umkatie mtu kwa kujaza fomu? Uamuzi ukikunyonga, una siku 60 za kupinga, halafu korti ya wafanyakazi. Hapo sasa wakili ni muhimu.